Sentensi za Nani? Utungaji wa Darasani na Somo la Barbiana

Juni iliyopita nilikuwa nyumbani Kihagara. Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la sita, akaniletea daftari lake la Kiswahili. "Baba mdogo, wewe si unaandika kwenye gazeti? Soma basi na ya kwangu."

Insha ilihusu safari ya mbuga za wanyama. Simba walikuwepo, twiga walikuwepo, na mwisho wote walirudi nyumbani wamechoka lakini wenye furaha. Alama nane kwa kumi. Nikamwuliza walikwenda lini. Akacheka. "Hatujaenda. Iliandikwa ubaoni, tukanakili."

Jioni, akigeuza usipa kwenye chanja, alinisimulia bila kuombwa jinsi mwera ulivyovuma ghafla usiku mmoja, mtumbwi wa jirani ukapinduka. Wanawake walisimama ufukweni na taa. Mzee mmoja alikuwa akiita majina gizani, jina moja moja, na kila akiita ananyamaza kidogo kusikiliza. Wawili waliitika. Wa tatu alikuja kuitika karibu na alfajiri, sauti imekauka. Nikamwuliza kama hayo ameshayaandika. Alinishangaa. "Hiyo si insha, baba mdogo."

Tangu siku hiyo swali limenikaa kichwani: nani alimfundisha kwamba hiyo si insha?

Jibu la haraka ni kumlaumu mwalimu. Nalikataa. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani, na matokeo ya darasa la saba yanayomsubiri, anafundisha kinachopimwa. Hebu tazama kilichopimwa. Chukua karatasi za Kiswahili za kumaliza elimu ya msingi za miaka ya 2010. Kuna sehemu iliyoitwa Utungaji. Humo mtoto alipewa sentensi chache zilizovurugwa, azipange kwa herufi ziwe na mtiririko. Kisha alitia kivuli kwenye fomu ya majibu. Yaani mtoto aliweza kupata alama zote za utungaji bila kutunga hata sentensi moja.

Sisemi zoezi lile ni baya. Mtiririko ni kazi ya kweli. Sisi waandishi wa habari tunahangaika nao kila siku. Lakini sentensi zile ni za nani? Hapo ndipo kilipo kidonda.

Na hapo ndipo ninapokumbuka kitabu kimoja cha Italia, Lettera a una professoressa, yaani Barua kwa Mwalimu. Kilitoka 1967, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea. Barbiana ni kijiji cha milimani, Toscana, ambako padri Lorenzo Milani alipelekwa mwaka 1954 akaanzisha shule kwa watoto wa wakulima na wachungaji. Wavulana wanane wa shule hiyo walikaa pamoja wakaandika barua ndefu kwa mwalimu wa mahali pengine aliyewafelisha. Ni kitabu cha hasira, lakini hasira yenye hesabu: wamechora hadi majedwali kuonyesha ni watoto wa nani wanaoachwa njiani.

Kilichonivuta zaidi ni namna walivyokiandika. Kila mmoja alitembea na kijitabu mfukoni. Wazo likija, linaandikwa kwenye kipande chake cha karatasi. Siku ikifika vipande vyote vinawekwa mezani, yaliyojirudia yanaondolewa, yanayofanana yanapangwa pamoja, na mafungu hayo yanakuwa sura. Baadaye wanasoma kwa sauti, wanakata maneno ya ziada, wanabishana.

Umeona? Wale nao walikuwa wakipanga sentensi zilizovurugika! Ni zoezi lilelile la karatasi yetu ya mtihani. Tofauti ni moja tu: sentensi zilikuwa zao, na mwisho wa barua kulikuwa na mtu wa kuisoma.

Kitabu kina kasoro zake. Wavulana wanane wanazungumza kwa sauti moja, na mimi msomaji nilitamani kumsikia hata mmoja peke yake, na woga wake na utani wake. Tena mkono wa padri hauonekani vizuri. Hujui mawazo ya mtoto yanaishia wapi na ya mkubwa yanaanzia wapi. Na Barbiana ilikuwa shule ndogo mno. Ukimpelekea habari hii mwalimu mwenye darasa lililofurika, ana haki ya kukucheka.

Hata hivyo, vipande vya karatasi havihitaji bajeti. Darasa kubwa linaweza kugawanywa makundi. Kila mtoto alete sentensi tatu za jambo aliloliona kwa macho yake, kundi lipange, lisomeane, mmoja aulize "halafu?" na mwingine aseme "hapo sijaelewa". Makosa ya tahajia yasubiri kidogo. Watoto wakizoea kusomeana hivyo, tayari una waandishi chipukizi wanaotegemeana, hata kama hakuna aliyewaita hivyo.

Malighafi haijawahi kupungua upande wetu. Profesa Joseph Mbele, mzaliwa wa Litembo, huko milimani Mbinga, alikusanya ngano za Wamatengo akazichapisha kwa Kiingereza mwaka 1999, Matengo Folktales. Hadithi zilizosimuliwa jikoni zimefika kwenye rafu za vyuo vikuu Marekani. Jambo la kuuma ni kwamba mjukuu wa msimulizi bado anaweza kunakili ubaoni safari ambayo hakusafiri, akapata nane kwa kumi.

Sisi wapenda fasihi tunalalamika sana kwamba vijana hawasomi na riwaya mpya ni chache. Tunawatafuta waandishi kwenye mashindano na tuzo, wakati wengi wao tuliwapoteza wakiwa na miaka kumi na mbili, siku walipojifunza kwamba maisha yao si insha.

Kabla sijaondoka nilimwachia yule binti kijitabu kidogo cha mfukoni. Nikamwomba aandike habari ya usiku ule. Akaniuliza maneno mangapi. Nikamwambia mpaka yule wa tatu aitike.