Fundi Anayeuliza Kwanza

Ukisimama kando ya maji pale Kashikishi, wilayani Nchelenge, Ziwa Mweru linajaza macho. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 5,000, Zambia upande huu na Kongo upande wa pili, na kisiwa cha Kilwa kimo humo ndani, kikifikiwa kwa maboti. Mashine ya boti haina rejeta. Inavuta maji ya ziwa kwa pampu ndogo, inayapitisha mwilini mwake na kuyatema nje, na mwenye boti anautazama mchirizi ule: ukikatika, anazima. Hatua chache tu nchi kavu, basi dogo la abiria linabeba maji yasiyojaza ndoo moja, na hayo hayo yazunguke, yapoe, yarudi tena kwenye moto. Ufundi ninaousifu hapa ni wa watu wanaoyafuatilia maji hayo machache, hasa gari linapochemsha baada ya kubadilishwa injini.

Injini za mtumba zimeokoa magari mengi katika ukanda huu. Ya zamani ikifa, hununuliwa nyingine iliyotoka kwenye gari la Japani, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Nakonde hadi huku. Inafungwa, inawaka, inanguruma vizuri, watu wanapeana mikono. Halafu safari ya kwanza, kabla ya kufika Mwansabombwe, sindano ya joto inapanda na mvuke unatoka chini ya boneti.

Hapo ndipo mafundi wanapoachana njia. Mmoja anasema injini ni mbovu, irudishwe kwa muuzaji. Mwingine ameshika spana tayari, anataka kufungua hedi. Ninayemheshimu mimi anaacha spana chini na kumwuliza dereva: linachemsha likiwa limesimama au likiwa mwendoni?

Swali hilo lina uzito kuliko sanduku zima la vifaa. Gari likichemsha stendi, likisubiri abiria, kisha likapoa likishika barabara, shaka inaanzia kwenye feni, kwa sababu mwendo unaleta upepo ambao feni imeshindwa kuuleta. Likitulia stendi lakini likachemsha kwa kasi au kwenye mlima, shaka inahamia kwenye maji yenyewe: hayapiti ya kutosha, au rejeta haiwezi joto la injini mpya. Na mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika chache tu tangu injini iwashwe ikiwa baridi, basi huenda moshi wa silinda unapenya kwenye njia ya maji, na gasketi ya hedi ndiyo ya kuulizwa.

Injini iliyohamishwa ina tabia yake. Injini yenyewe iliundwa na watu waliojua kazi yao, na mwili wa gari vivyo hivyo, lakini hakuna aliyekaa mezani kuviunda viwili hivi viishi pamoja. Kwa hiyo kosa hupenda kujificha kwenye maungio: mahali pale fundi alipokata mpira, alipounga waya, alipotoa kitu kwa sababu hakikuenea. Kava linalozunguka feni ni mfano mzuri. Likigoma kuingia, hutupwa kando, na kuanzia siku hiyo feni inavuta hewa kutoka pembeni, penye urahisi, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Feni ya umeme iliyounganishwa waya kinyume huzunguka kinyume, ikisukuma hewa kwenda mbele huku upepo wa barabara ukija nyuma. Ukanda mrefu ukipitishwa upande usio wake, pampu ya maji nayo huzunguka kinyume. Vyote hivyo vinazunguka, vina sauti nzuri, na mtazamaji wa haraka anaapa kwamba viko sawa. Fundi mzuri anaweka karatasi mbele ya rejeta aone kama inavutwa.

Kisha kuna hewa. Injini ikikaa juu kuliko mdomo wa rejeta, povu la hewa hubaki kichwani mwake, mahali penye joto kali kuliko pote, na maji hayafiki. Dawa yake ni subira: gari lielekezwe mlimani ili mdomo wa rejeta uwe juu, hita ifunguliwe, maji yajazwe polepole, injini iwake bila kifuniko mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Kazi hii haina ujanja wowote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Themostati inaonewa sana. Gari likichemsha, wengi huitoa na kuitupa, wakiamini wameondoa kizuizi. Kwenye injini nyingi za Toyota ni kosa kubwa, kwa sababu kifaa hicho kikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukikitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta, na joto linazidi. Kuipima ni rahisi: sufuria ya maji juu ya mkaa, themostati ikining'inia kwa uzi. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na Nchelenge, mita 900 na ushei juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 97. Nafasi ipo. Na kwa kuwa maji huchemka mapema hivyo huku, sikubali kifuniko cha rejeta kiitwe kitu kidogo. Kwa kuyabana maji, kifuniko kizima huyawezesha kufika nyuzi 115 na zaidi bila kuchemka. Springi yake ikilegea, injini nzima kabisa itatoa mvuke.

Joto hili ni jambo zito katika nchi hizi tangu zamani. Mwaka 1915, Waingereza walipokokota maboti yao mawili ya vita, Mimi na Toutou, kutoka Fungurume huko Katanga kuelekea Ziwa Tanganyika, matrekta yao ya mvuke yaliishiwa maji njiani, na wanawake wa vijiji wakayabeba kichwani ili safari iendelee. Kwa mashine ya mvuke kuchemsha ndiyo kazi. Injini ya leo hutupa karibu theluthi ya nguvu ya mafuta yake kwenye maji, na lazima maji hayo yasichemke.

Nimeiacha sindano ya dashibodi makusudi. Ni shahidi asiyeaminika kwenye gari la aina hii, kwani mara nyingi sensa ni ya injini mpya na saa ni ya gari la zamani, na haziongei lugha moja. Fundi anapeleka mkono wake kwenye rejeta iliyoanza kupoa, anaupitisha taratibu juu hadi chini. Akikuta sehemu ya baridi katikati ya moto, anajua kutu ya injini iliyolala miaka kwenye yadi imeng'oka na kuziba mirija.

Akisharekebisha, analipandisha gari kutoka Mbereshi kwenda Kawambwa, barabara inapoacha bonde la Luapula na kukwea, likiwa na mzigo. Akirudi analiacha lingurume kidogo kabla ya kuzima. Asubuhi, injini ikiwa baridi, anafungua kifuniko na kutazama kiwango cha maji. Kama hakijashuka, anadai ujira wake, na ujira huo ulipwe kamili hata kama spea pekee iliyonunuliwa ni kifuniko cha rejeta.