Maiti Isiyo na Mwenyewe

Kila filamu ya Saul fia, yaani Mwana wa Saul, inapojadiliwa, swali huwa ni lilelile: yule mtoto ni wake kweli? Katika semina yetu ya uzamili tulilibishania karibu saa nzima, na tukatoka darasani tumegawanyika. Nimeitazama filamu hiyo mara tatu sasa, na kila mara swali hilo linazidi kupungua uzito. Nadhani mila ya Kiyahudi ya mazishi, ambayo kisa chote kimesimama juu yake, ilishalijibu zamani.

Kwa ambaye hajaiona: mwongozaji ni Mhungaria László Nemes, na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Ilitoka mwaka 2015, ikapata tuzo ya Grand Prix kule Cannes, kisha Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2016. Tupo Auschwitz, Oktoba 1944. Saul Ausländer ni Myahudi wa Hungaria aliye katika Sonderkommando, kikosi cha wafungwa waliolazimishwa na Wanazi kuwaongoza watu hadi vyumba vya gesi, kisha kutoa maiti, kuosha sakafu na kuchoma miili. Siku moja mvulana anatolewa humo akiwa bado anapumua. Daktari wa Kijerumani anamziba pumzi mpaka anakufa, halafu anaagiza mwili upasuliwe. Saul anasema huyo ni mwanawe. Kuanzia hapo ana shughuli moja tu: auibe mwili, ampate rabi, amzike mtoto ardhini kwa sala ya Kadishi. Wenzake nao wanapanga uasi. Wanamtuma baruti, anaipoteza. Wanamwambia hana mwana. Mmoja wao anamshutumu kwamba amewatupa walio hai kwa ajili ya aliyekwisha kufa.

Shutuma hiyo ndiyo kiini cha filamu, na si ya kupuuzwa. Katika sheria ya Kiyahudi kuokoa uhai hutangulia karibu amri zote. Hata Sabato huvunjwa. Lakini sheria hiyohiyo inamtambua pia meti mitsva, yaani maiti aliyekutwa bila mtu wa kumzika. Kuhani mkuu alikatazwa kujitia unajisi kwa kukaribia maiti, hata awe baba au mama yake mzazi. Ila akiikuta njiani maiti isiyo na mwenyewe, na hakuna mwingine wa kuizika, ni lazima asimame aizike yeye. Nasaba haiulizwi hapo. Aliyeikuta ndiye ndugu. Nikiitazama filamu kwa jicho hilo, Saul hahitaji kuthibitisha chochote. Amemkuta mtoto, basi mtoto ni wake.

Kwetu mazishi ni jambo la kurudishiana. Tuna vyama vya kufa na kuzikana, tunachanga, tunakesha matangani, na asiyeonekana kwenye misiba ya wenzake anajua yake itakavyokuwa. Wayahudi wana hevra kadisha, kikundi cha watu wanaojitolea kuosha maiti na kuivika sanda nyeupe, ileile kwa tajiri na kwa maskini. Uoshaji huo wanauita tahara, neno lenye undugu na twahara yetu. Ningeweza kukiita chama cha kuzikana na msomaji angenielewa, ila ningepoteza kitu. Wao humwita maiti mpokeaji wa hisani ya kweli, kwa sababu hawezi kuilipa. Nemes amelipeleka wazo hilo mpaka ukingoni. Saul hana jirani atakayekuja kumzika kesho. Anajua naye atakuwa majivu. Anamfanyia mtoto hisani mahali ambapo kurudishiana kumekatwa kabisa. Wenzake wanaona wazimu. Mimi naona mila ikitendwa bila kupunguzwa.

Hata hivyo, nina ugomvi na filamu hii, nao unahusu rabi. Mazishi ya Kiyahudi hayahitaji rabi. Kadishi husemwa na mfiwa mwenyewe. Kwa kawaida mwana humsemea mzazi wake kwa miezi 11. Kinachohitajika ni minyani, yaani jamaa ya watu kumi, na katika mila aliyokulia Saul ni wanaume kumi. Sala yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa ni Kiaramu, haimtaji marehemu wala kifo. Ni sifa kwa Mungu, na waliohudhuria huitikia. Pasipo wa kuitikia, haisemwi.

Sasa mfuatilie Saul. Rabi wa kwanza, aliye katika kikosi chake mwenyewe, yuko radhi kumwombea mtoto bila mazishi, Saul haridhiki. Anamwendea mwingine, Mgiriki, na safari hiyo inaishia kwa Mgiriki huyo kuuawa. Wa tatu anageuka kuwa rabi wa uongo asiyeijua sala. Muda wote huo Saul amezungukwa na wanaume wa Kiyahudi zaidi ya kumi, kazini na kitandani, na hawaombi hata mara moja wasimame naye.

Mara ya kwanza nilidhani ni kasoro ya mswada tu. Siku hizi naiona kwenye kamera. Mpigapicha Mátyás Erdély amemganda Saul usoni na kisogoni, ndani ya fremu finyu inayokaribia mraba. Mengine yote ni ukungu na kelele. Wengi wameusifu uamuzi huo kwa kuwa haugeuzi mateso kuwa tamasha, na ninakubaliana nao. Lakini kamera inayomwona mtu mmoja haiwezi kuwaona kumi. Ibada ya jamaa nzima imegeuzwa kuwa safari ya mtu mmoja anayemsaka mtaalamu, na mtazamaji asiyeijua mila hiyo ataondoka akidhani Kadishi ni dawa inayoshikwa na mganga fulani.

Historia nayo inaipinga filamu mahali hapohapo. Zalmen Gradowski, mfungwa wa kweli wa Sonderkommando, alikufa katika uasi wa tarehe 7 Oktoba 1944. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kwa siri habari za waliouawa, akayazika maandishi yake katika ardhi ya kambi, nayo yakafukuliwa baadaye. Leib Langfus, aliyekuwa mwamuzi wa sheria za dini, naye aliandika na kuficha vivyo hivyo. Hawakuweza kuzika watu, wakazika karatasi ili wasomwe na wengine. Kwa Gradowski, kupigana na kuwatunza wafu hazikuwa njia mbili za kuchagua moja. Filamu ingeweza kuonyesha hivyo. Badala yake inawagonganisha Saul na wenzake hadi mwisho, kana kwamba anayemkumbuka maiti lazima awe amewasahau walio hai.

Meti mitsva, kwa mujibu wa Talmud, humiliki mahali alipokutwa. Huzikwa papo hapo. Mtoto wa Saul hapati hata hicho, kwa maana mto unamchukua. Baadaye Saul na watoro wenzake wamejificha kibandani, na mvulana wa Kipolandi anachungulia mlangoni. Saul anatabasamu. Kamera inamwacha, inamfuata mvulana msituni, na nyuma yetu tunasikia risasi.

Wapo wanaolisoma tabasamu hilo kama ufufuo. Mimi linanirudisha kwenye sheria. Sasa Saul mwenyewe ni maiti isiyo na mwenyewe, na sisi tuliomfuata kisogoni kwa dakika 107 ndio tuliomkuta. Semina yetu ingeanzia hapo.