Alama Nusu kwa Aliyemtaja Mwimbaji

Mchezo wenyewe unaujua. Mtu anacheza sekunde tano za muziki kwenye simu, meza nzima inapiga kelele: Vitimbi! Tausi! Tahidi High! Anayechelewa anaambiwa yeye ni wa juzi. Halafu inakuja duru ya muziki wa redio: nani aliimba, mwaka gani, alikuwa kundi gani kabla ya kujitenga. Na kusema kweli ni mchezo mtamu. Wimbo wa kufungulia kipindi hukaa mwilini kuliko kipindi chenyewe. Unaweza kuwa umesahau kila kesi ya Vioja Mahakamani, lakini ule muziki ukianza unajua uniform bado hujaifua na kesho ni shule.

Lakini nina neno na mchezo huu, na si dogo.

Unajifanya unapima kumbukumbu, kumbe unapima sebule. Ili uujue wimbo wa Vitimbi ulihitaji runinga, umeme wa kuiwasha na mawimbi ya KBC yanayofika bila chenga. Huku Rhamu, kaunti ya Mandera, ambako mto Daua unatutenganisha na Ethiopia, chombo cha nyumba kilikuwa redio. Muziki wetu wa kufungulia kipindi ulikuwa wa BBC Kisomali, idhaa iliyoanza Julai 1957, mwezi mmoja tu baada ya dada yake wa Kiswahili. Redio moja nje ya duka, wazee wamekaa kwenye mkeka, na sauti hiyo ikitoka hakuna mtoto anayethubutu kupita mbele akipiga domo. Mchezee mtu wa Mandera sekunde mbili tu za muziki ule, umwone. Lakini kwenye meza za Nairobi hauchezwi, na asiyejua Vitimbi anachekwa: "Kwani wewe ni Mkenya kweli?"

Najua ni utani. Nimeusikia chuoni, kabla sijaacha masomo, na nilicheka na wenzangu. Ila swali hilo kwetu lina historia. Mwaka 1989 serikali iliwachuja Wasomali wa Kenya na kuwapa kadi za waridi kuthibitisha uraia wao. Miaka mingi baadaye, kijana wa kaskazini akitaka kitambulisho alikuwa bado anakaa mbele ya kamati na kuulizwa maswali ambayo mwenzake wa Nyeri hakuulizwa. Mpaka Februari 2025 ndipo Rais alitangaza, akiwa Wajir, kwamba uchujaji huo wa ziada umefutwa. Kwa hiyo ukimfanyia mtu mtihani wa Ukenya kwa wimbo wa runinga, usishangae akinyamaza kidogo kabla ya kucheka.

Haya, tuseme sebule tumeisamehe. Shida kubwa ni swali lenyewe. Mchezo unataka jina la kipindi, basi. Mzee Ojwang' tunamjua, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015 na nchi ikamlilia. Lakini aliyetunga ule muziki uliokuwa unamtangulia Mzee Ojwang' kila wiki? Hilo halimo kwenye maswali. Tunadai wimbo ulitulea, na hatuulizi aliyeutunga ni nani.

Panda basi la Mandera kwenda Nairobi, safari ya kama kilomita elfu moja, uone mchezo huu ukichezwa kwa sheria nyingine. Dereva anaweka nyimbo za zamani. Unaanza "Beledweyne", kijana wa nyuma anasema kwa haraka, Hasan Adan Samatar. Mzee aliye karibu na dirisha hata hageuki: "Nusu." Nusu nyingine ni maneno, na maneno ni ya Hadraawi. Ndiyo kanuni ya zamani ya mashairi ya Kisomali: ukighani shairi la mtu, unamtaja. Usipomtaja umeiba. Wimbo una mtunzi wa maneno, una aliyetia laxan, ambayo ni lahani ile ile ya Kiswahili, na mwimbaji anakuja wa tatu.

Tena kutajwa kulikuwa na bei. Hadraawi alifungwa na serikali ya Siad Barre kuanzia 1973 hadi 1978 kwa sababu ya alichoandika. "Nani alitunga?" lilikuwa swali la polisi kabla halijawa swali la abiria.

Sisemi mchezo wa wazee ni safi. Una mageti yake. Buraanbur, mashairi ya wanawake, ni nadra kuyasikia yakiulizwa kwenye basi, ingawa kila arusi huku inaendeshwa nayo. Na mzee akishataja mtunzi, swali linalofuata mara nyingi ni la ukoo, hapo burudani inaisha na watu wanaanza kuangalia nje. Hilo sitalikumbuka kwa hamu.

Lakini kanuni ya kutaja naitaka, na inapotea. Ndege za Siad Barre zilipopiga Hargeisa mwaka 1988, kanda za redio zilifukiwa ardhini ili zisiangamie. Baadhi ya nyimbo hizo zilifufuka kwenye albamu ya "Sweet as Broken Dates" ya 2017, iliyofika hadi kuteuliwa kuwania Grammy. Safi sana. Nyingine nyingi ziko YouTube, zimepandishwa na mtu aliyezipenda, na chini yake kuna jina la mwimbaji peke yake, au neno "qaraami" na picha ya ua. Hadraawi alifariki Agosti 2022. Hudeydi, mpiga udi mkubwa, alitangulia Aprili 2020 huko London kwa korona. Wazee wa dirishani wanapungua, na simu ukiiuliza wimbo ni wa nani inakupa jibu la nusu bila kukwambia ni nusu.

Kwa hiyo mkinialika kwenye mchezo wenu nitakuja, hata nauli nitajilipia. Duru yangu itakuwa na maswali matatu kwa kila wimbo: nani aliimba, nani alitunga maneno, nani alitia lahani. Tutaanza na Vitimbi.