Hospitali na Hoteli: Watoto wa Mama Mmoja

Wachunguzi wa maneno ya mkopo wamezoea kutosheka na asili ya karibu. Neno hospitali huandikwa kuwa limetoka katika Kiingereza, na uchunguzi hukoma hapo. Hii ni sawa na kumwuliza mgeni atokako, kisha kuandika jina la kijiji alicholala jana.

Tutazame Nkubu, Imenti Kusini, kando ya barabara iendayo Meru kutoka Embu. Mji huu una Hospitali ya Consolata. Una pia hoteli, yaani mahali pa kula na kunywa chai, kwa maana wanayoijua Wakenya. Wamisionari wa Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902, walikuwa Waitalia, na kwao hospitali ni ospedale. Lakini h na t za neno letu zaonyesha kwamba halikupitia kwao, bali kwa Waingereza.

Waingereza nao walilikopa katika Kifaransa cha kale, nacho kililipata katika Kilatini: hospitale, nyumba ya kupokea wageni. Shina lake ni hospes, neno lililomtaja mgeni na mwenyeji wake pia. Wageni hao walikuwa wasafiri, mahujaji na maskini. Baadaye wagonjwa ndio waliobaki na jina. Katika asili iyo hiyo Wafaransa walipata hostel, na s ilipotoweka, hôtel. Basi hospitali, hosteli na hoteli ni watoto wa mama mmoja, waliotufikia kwa njia mbalimbali.

Hospes lina uhusiano na hostis, lililokuwa kwanza mgeni, kisha likawa adui. Hata guest la Kiingereza ni la ukoo huo.

Msemaji wa Kimeru hatashangaa. Mũgeni wake, kama mgeni wa Kiswahili, ni tunayemkaribisha na pia tusiyemjua. Hapa hakuna undugu wa maneno na Kilatini. Upo ulinganifu wa fikira tu, na mwanaisimu asiyachanganye mambo hayo mawili.

Kwa hiyo, wanaotaka neno hospitali litupwe kwa kuwa ni la mkoloni wanampa Mwingereza mali isiyo yake. Yeye alikuwa mpitishaji tu. Wajibu wa kamusi zetu ni kuonyesha njia nzima. Alama moja ya "Kiingereza" si uongo, lakini humfunza mwanafunzi kwamba historia ya maneno yetu huanzia London.