Mgongo wa Picha: Uhakiki wa Albamu za Kompyuta

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuangalia sanaa ambayo sisi wanafunzi wa fasihi hatuna mazoea ya kuihakiki, nayo ni sanaa ya kutengeneza albamu za picha kwa kompyuta. Nilipolitaja jambo hili kwenye semina, mwenzangu mmoja alicheka akasema, "Sasa ndugu yangu, riwaya zimekwisha mpaka tuanze kuhakiki picha za harusi?" Swali lake ni la haki, na makala haya ndiyo jibu langu kwake. Nitaanza na chimbuko la sanaa hii, nifuatie na fani, kisha maudhui, na mwisho nitaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha ninachotaka kukisema.

Hoja yangu ni moja. Ukurasa wa albamu ni matini kama matini nyingine, na thamani yake haitokani na urembo, bali na kile ambacho mwenye picha peke yake anakijua. Hicho kikikosekana, tunabaki na pambo.

Chimbuko

Watu wamekuwa wakibandika picha, barua na vipande vya magazeti katika vitabu tangu karne ya 19. Hata Mark Twain, mwandishi wa riwaya tunayemfahamu, alipata hataza mwaka 1873 ya kitabu cha kubandikia ambacho kurasa zake zilikuwa zimekwisha kupakwa gundi. Lakini kubandika kama burudani ya watu wengi kulipata nguvu huko Marekani kuanzia mwaka 1980, wakati Marielen Christensen wa jimbo la Utah alipoonyesha albamu za familia yake katika mkutano wa kumbukumbu za koo uliofanyika Salt Lake City. Mwaka uliofuata, yeye na mumewe walifungua duka la vifaa vya kazi hiyo katika mji wa Spanish Fork. La kuzingatia hapa ni kwamba msukumo wa mwanzo ulikuwa nasaba, yaani nani kamzaa nani. Kwa hiyo sanaa hii haiko mbali na masimulizi ya ukoo tunayoyasoma katika fasihi simulizi.

Kompyuta iliingia baadaye. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990, na mwaka 2001 ikatoka Photoshop Elements, ya bei nafuu zaidi kwa watu wa nyumbani. Mkasi na gundi vikahamia ndani ya kioo. Leo wapenzi wa sanaa hii hutumiana kurasa zao kwa intaneti, hupeana mapambo, na zaidi ya yote hupongezana. Mimi ni mmoja wao, sitaki kujificha.

Fani

Tukianza na muundo, ukurasa wa kawaida ni mraba wa inchi 12 kwa 12, kipimo kilichorithiwa kutoka albamu za karatasi. Ukitaka uchapike vizuri unautengeneza kwa vidoti 300 kwa kila inchi, yaani vidoti 3,600 kila upande. Ndani ya mraba huo vitu hupangwa kwa matabaka: chini kabisa karatasi ya rangi, juu yake picha, juu ya picha utepe au ua, na juu ya vyote maandishi. Kila tabaka linajitegemea, unaweza kuliondoa bila kuyagusa mengine. Ila ukishaihifadhi kazi kama picha ya kawaida ya kuwatumia watu, matabaka yote yanashikana, na mtazamaji hawezi tena kufunua aone kilichofunikwa. Msomaji alishike jambo hili, nitalirudia.

Kwa upande wa matumizi ya lugha, tunakuta maandishi ya namna mbili. Kuna maneno yanayokuja tayari pamoja na mapambo, kama vile "Furaha", "Familia" na "Siku ya Pekee". Halafu kuna maelezo anayoyaandika mtengenezaji mwenyewe. Katika kurasa nyingi nilizoziona, maneno ya tayari ndiyo yenye herufi kubwa za dhahabu, na maelezo yamebanwa pembeni, au hayapo kabisa.

Hapa mtu atanipinga kwa mfano wa kanga. Atasema, mbona na kanga ina maneno ya tayari, na bado tunaisoma kama fasihi? Ni kweli. Lakini mwanamke anayechagua jina la kanga anajua atampa nani, au atapita nalo mbele ya mlango wa nani. Maneno ni ya kiwandani, lakini tukio ni lake, na anayelengwa anajua kalengwa. Neno "Furaha" lililobandikwa juu ya picha yoyote ya mtu yeyote halimlengi mtu.

Ubora wa maelezo ya mtu mwenyewe tunauona kwa Roland Barthes, mhakiki wa Kifaransa. Katika kitabu chake kuhusu picha kilichotoka mwaka 1980, anazungumzia kwa kirefu picha ya mama yake alipokuwa mtoto wa miaka mitano. Picha yenyewe hakuichapa. Hata hivyo msomaji anafunga kitabu akihisi ameiona.

Maudhui

Tunapohakiki tamthilia swali letu la kwanza ni mgogoro. Sasa hebu fungua albamu yoyote ya kompyuta uutafute. Huuoni. Kila mtu anacheka, kila keki imeiva, hakuna mwenye deni. Wahusika ni bapa kuliko hata wale tunaowalaumu katika riwaya za mapenzi. Tatizo hili si la kompyuta peke yake, maana hata zamani watu walikwenda studio wamevaa nguo za sikukuu. Lakini pambo la tayari limelizidisha.

Je, picha za kila siku haziwezi kubeba mgogoro? Zinaweza. Jamie Livingston, aliyekuwa mwanafunzi wa Bard College katika jimbo la New York, alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja ya Polaroid kila siku. Aliendelea hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kutimiza miaka 41. Hakuna ua wala utepe. Kuna sahani za chakula, marafiki, barabara, halafu, kadiri miaka inavyosogea, hospitali. Picha moja moja ni ya kawaida kabisa, lakini ukizifuata kwa tarehe unasoma maisha ya mtu mpaka ukingoni. Hapa mfuatano umefanya kazi ambayo kwingine hufanywa na maneno.

Kosa langu

Likizo iliyopita nilikwenda Pangani kwa bibi. Ana bahasha ya kaki yenye picha za zamani za nyeusi na nyeupe, na ana albamu moja ya zile zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu. Niliziskani picha 43 na kutengeneza kurasa 12. Ukurasa niliojivunia kuliko yote ulikuwa wa bibi akiwa msichana, amekaa kwenye kiti cha studio mwaka 1969, kavaa gauni la maua, kampakata mtoto. Nikaweka waridi pembeni, utepe juu, na chini neno "Furaha". Nikawatumia wapenzi wenzangu wa albamu. Basi bwana, pongezi zilimiminika.

Jioni nikamwonyesha bibi kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza simu, akaangalia nyuma yake.

"Na maneno yangu yako wapi?" akauliza.

Nikadhani haoni vizuri, nikamwonyesha lile neno la dhahabu.

"Hayo si yangu, mjukuu wangu. Yangu yako mgongoni."

Nikaifungua bahasha, nikaigeuza picha. Kwa penseli iliyofifia pameandikwa: "Gauni la kuazima. Mtoto ana homa. Picha ya kumpelekea baba yake mkongeni." Mtoto yule angekuwa baba yangu mkubwa. Hakuumaliza mwezi ule. Na mimi ndiye niliyemwandikia "Furaha" kifuani.

Nilizigeuza zote zilizokuwa kwenye bahasha. 26 kati yake zilikuwa na maandishi. Zile 17 za kwenye albamu ya gundi hazikutoka. Nilijaribu kubandua moja, ikachanika, na bibi akaniambia niache. Siku tatu zilizofuata nilikaa naye jamvini, namwonyesha picha moja moja, ananieleza alichokumbuka, nami naandika. Kwa picha 6 hakukumbuka kitu.

Nimekwisha kusema kwamba matabaka yakishikana mtazamaji hawezi kufunua. Hilo ndilo nililolifanya. Nilichukua sura nikaacha mgongo, na mgongoni ndiko kulikokuwa na mgogoro, mandhari na sauti ya msimulizi.

Niliutengeneza ukurasa upya. Nikaondoa ua na utepe, nikaiweka picha upande wa kushoto, na upande wa kulia nikaweka mgongo wake, na penseli yake ileile. Safari hii nilimwomba bibi ruhusa kabla ya kuwatumia watu, jambo ambalo mara ya kwanza hata halikunijia akilini. Akasema, "Peleka. Lakini waambie gauni si langu." Pongezi zilikuwa chache. Ila mama mmoja, nilipomtafsiria maandishi, aliuliza: "Mtoto alipona?" Katika kurasa 12 nilizowahi kutuma, huyo ndiye msomaji wangu wa kwanza. Nilikaa siku mbili kabla sijamjibu.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, sisemi kwamba sanaa ya albamu za kompyuta haifai. Wala si kweli kwamba picha ya kompyuta haina mgongo. Tangu mwaka 1995 pana utaratibu uitwao Exif, unaoiwezesha kamera kuandika ndani ya picha tarehe, saa na aina ya kamera, na kuna nafasi ya mtu kuongeza maelezo yake. Lakini programu nyingi za kutumiana picha huyafuta hayo njiani, na nafasi ya maelezo wengi wetu tunaiacha tupu. Mashine inajua saa ngapi. Haijui gauni ni la nani.

Kwa hiyo nawashauri wapenzi wenzangu tupunguze pongezi na tuongeze maswali. Mtu akileta ukurasa, tumuulize: na nyuma yake? Na kwa wenzangu wa fasihi, hasa yule wa semina, nasema kazi hii ni yetu kabisa. Tunafundishwa kukusanya masimulizi vijijini, na huku kwenye makabati ya nyumbani kwetu penseli zinafifia. Mimi nimezibakiza picha 6 ambazo hakuna atakayenieleza. Huenda katika makala haya nimekosea mengi, na nawakaribisha walimu na wanafunzi wenzangu wanikosoe.