Vidaka vya Pate na Makabati ya Kaloleni

Wahakiki wetu wamezoea kuusoma utenzi wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, kama hotuba juu ya ubatili wa mali. Usomaji huo si wa makosa, ila hupita upesi mno mahali pamoja: pale vidaka (zidaka, kwa wenyeji wa Lamu) vilivyopambwa kwa sahani vinapogeuka malazi ya makinda ya ndege. Sahani ni majivuno, husemwa, na mjadala hufungwa.

Lakini vidaka vilikuwa wapi? Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate safu zake kubwa zilijengwa ndani, mbali na mlango, ambako mgeni wa barazani hakufika. Aliyeziona sahani hizo alikuwa jamaa au mtu aliyekwisha kukaribishwa. Kwa hiyo mshairi hashutumu maonyesho tu; analilia moyo wa nyumba uliobaki wazi kwa mwewe na bundi.

Tulinganishe na Eastlands. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa Nairobi, na nyumba za aina hiyo zina nafasi finyu. Kabati la vioo, pamoja na vikombe vyake, birika, kitambaa cha kufuma na sahani ambazo mtoto haruhusiwi kuzigusa, halina ndani pa kujificha. Ajapo mgeni, analiona kabla hajaketi. Mara nyingi pazia huanzia hapo hapo, na kabati likawa ukuta wa chumba cha kulala. Vyombo vyenyewe yamkini vilinunuliwa kwa zamu katika chama cha akina mama, kila mmoja akipewa seti yake siku yake ilipofika. Kuviita vyombo hivyo ulimbukeni, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wetu wa riwaya, ni kuusahau udogo wa chumba. Heshima haikuwa na pahali pengine pa kukaa.

Mwalimu anayewafundisha vijana wa Makongeni au Bahati anayo basi njia ya kuuingia utenzi huu, nayo haipitii kwenye mahubiri. Awaulize kwanza sahani za wageni kwao hukaa wapi, na nani huruhusiwa kuziosha.

Jambo dogo la msamiati. Fedha asili yake ni madini, na vyombo vya fedha katika Nairobi ya kikoloni vilikuwa vya mezani kwa Wazungu, vikisuguliwa na watumishi Waafrika. Leo mwanafunzi akilikuta neno hilo katika utungo wa kale huwaza noti, au mtaa wa Fedha, kule Embakasi.