Kitabu Kimoja, Masikio Mengi

Wazee wetu walipotaka kutoa hadithi hawakuanza ovyo. Msimulizi aliita, "Paukwa!" nao waliokaa wakaitikia, "Pakawa!" Asipoitikiwa hakuendelea, maana alijua ya kuwa hadithi ni ya watu wawili: yeye asemaye na yeye asikiaye. Tulipojifunza kusoma tulipata faida kubwa, lakini jambo hili tulilipoteza. Siku hizi mtu hutwaa kitabu, akaketi peke yake penye taa, akasoma kimya mpaka mwisho, akakifunga. Wala hapana aliyeitikia. Twataka kuonyesha ya kuwa kitabu nacho chahitaji waitikiaji, na ya kuwa furaha yake haijatimia mpaka kisomwe katikati ya watu. Wala hatutasema maneno matupu, bali tutavipima vitabu viwili vya Kiswahili ambavyo tumevisoma katika chama chetu cha kusoma.

Kwanza tueleze desturi yetu. Tu watu kumi na mmoja, wake kwa waume, nasi hukutana jioni moja kila juma, kazi za shamba zikiisha. Kitabu ni kimoja tu, kwa kuwa fedha ni haba. Mmoja husoma sura moja kwa sauti, wengine husikiliza. Wawili kati yetu hawajui kusoma, nao ndio wasikilizaji hodari kuliko wote, maana hawasahau neno. Sura ikiisha kila mtu ana ruhusa ya kuuliza, na kumcheka mwenye kuuliza ni mwiko. Kisha kitabu hufungwa katika kitambaa, kikaenda kulala nyumbani kwa yule atakayesoma juma lijalo.

Kitabu cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichopigwa chapa London mwaka 1934. Baba yake mwandishi alikuwa mtumwa aliyefunguliwa, na Mbotela mwenyewe alikuwa mtu wa Frere Town, mji ulioanzishwa na misheni karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Chaeleza jinsi watu walivyotekwa bara kwa hila na kwa nguvu, wakasukumwa mpaka pwani, wakapakiwa majahazini, na jinsi meli za Kiingereza zilivyowakamata wachukuzi wao baharini. Kisha chasimulia maisha mapya ya wale waliofunguliwa.

Sifa ya kitabu hiki ni lugha yake. Mwandishi hapambi, wala hatafuti maneno magumu. Asema kama mtu anayekumbuka yale aliyoyasikia kwa wazee wake. Kwa hiyo kikisomwa kwa sauti hakimchoshi msikilizaji. Jioni ile tuliposoma habari za safari ya kwenda pwani, hapakuwa na mtu aliyekohoa.

Lakini kina upungufu, nao hatukuuona mpaka tulipokisoma pamoja. Mwalimu akisoma peke yake hufurahi kuona mambo yamepangwa vizuri: huyu mwovu, huyu mwokozi, huyu mwenye kuokolewa. Katika chama kijana mmoja aliuliza, "Je, hapakuwa na mtumwa aliyejifungua mwenyewe kwa miguu yake?" Swali hilo lilitutuma kutafuta, nasi tuliona ya kuwa walikuwako, tena wengi. Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ililipa fidia kwa mabwana wa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni nyuma ya Mombasa, Rabai kikiwamo. Watu hao hawakungoja meli. Walitoroka usiku, wakajitafutia mahali pa kukaa. Wala uhuru haukuja kwa siku moja. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria haikuacha kuutambua utumwa Unguja mpaka mwaka 1897, pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, na Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mbotela ameweka uzito mkubwa upande wa mwokozi, na shukrani yake ni ya haki, kwa kuwa ni mwana anayewashukuru waliomrudisha baba yake katika uhai. Ila shukrani ya mtu mmoja si habari yote ya watu wote.

Mama mmoja naye akauliza neno ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Na wale waliobaki nyumbani? Mama wa hao watoto waliotekwa, waliwangoja mpaka lini?" Tulitafuta sura ile na ile, tusipate jibu la kumtosha. Swali likakaa kati yetu kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Tulipokimaliza tulisoma kitabu cha pili, na wengine hawakukitaka. Ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyi biashara mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1905. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika hati za Kizungu, yakapigwa chapa mwaka 1902 na 1903. Wako waliosema, "Kwa nini tumpe nafasi mtu huyu katika nyumba yetu?" Tukajibu ya kuwa hata barazani mshitakiwa husikilizwa.

Kiswahili chake ni kitamu sana. Sentensi zake ni fupi, kama za mtu anayefanya hesabu huku akizungumza. Pembe azihesabu kwa frasila, na safari kwa siku. Ana ucheshi, wala hajifichi. Lakini msikilizaji huona upesi ya kuwa pembe zina hesabu, na watu waliozichukua begani mara nyingi hawana hesabu wala majina. Hilo ndilo lawama letu kubwa juu ya kitabu hiki, nalo halikutoka kwa mwalimu, bali kwa mmoja wa wale wawili wasiojua kusoma.

Basi tulifika mahali anaposimulia alivyoipata nchi ya Utetera, huko Kongo. Mfalme wa nchi ile, Kasongo Rushie, alikuwa mzee, na dada zake walikuwa wametekwa zamani, wakapotea. Tippu Tip alipopata habari hiyo alijidai kuwa ni mjukuu wa mmoja wao: ati babu yake alimpata mwanamke yule, naye akamzaa mama yake. Mzee akaamini, akafurahi, akamwachia utawala wa nchi yake. Kwanza tulicheka wote kwa ujanja ule. Kisha mama yule akasema polepole, "Basi ndilo jibu langu. Walingoja mpaka uzee." Kicheko kikaisha. Mzee yule alikuwa ametunza huzuni ya dada zake miaka yote, naye mfanyi biashara akaiona huzuni hiyo, akaifanya mlango wa kuingilia. Hivyo kitabu cha mtu wa misafara kilitueleza neno ambalo kitabu cha mwana wa mtumwa hakikutueleza. Wala mwandishi hakukusudia kutueleza hivyo. Yeye alikuwa akijisifu tu. Kila mmoja wetu angekisoma peke yake, tungalicheka tu, tukafunua ukurasa wa pili.

Kwa hiyo twahukumu hivi: Mbotela ana moyo kuliko Tippu Tip, na Tippu Tip ana macho ya kuona mambo madogo kuliko Mbotela. Asomaye kimoja tu amesikia shahidi mmoja. Vitabu hivi vyafaa kusomwa kimoja baada ya kingine, tena mbele ya watu.

Hatukusoma bila maumivu. Katika chama yumo ambaye wazee wake waliletwa pwani kwa minyororo, tena yumo ambaye wazee wake walikuwa na mashamba na watu wa kuyalima. Watu hawa ni majirani, na katika kijijini mwetu neno "mtumwa" hutupwa hata leo watu wanapogombana juu ya mpaka wa shamba. Jioni moja yule wa pili aliinuka kutaka kwenda zake. Yule wa kwanza akamwambia, "Kaa, ndugu yangu. Kitabu ndicho kinachosema, wala si mimi." Akakaa. Hiyo ni faida ambayo hatukuitazamia: kitabu huweza kuyasema mbele ya watu maneno ambayo jirani hawezi kumwambia jirani bila ugomvi. Tangu siku ile neno hilo halijatajwa kwa matusi kati yetu, ingawa nje ya chama bado twalisikia.

Wako wanaosema ya kuwa kusoma hivi ni kupoteza wakati, maana mtu mmoja angemaliza vitabu vitatu sisi tukiwa katika kimoja. Ni kweli, lakini mwulize mtu huyo baada ya mwaka, nini amekumbuka. Wengine husema ya kuwa mwenye sauti kubwa huwameza wengine. Hilo nalo ni kweli, tena ni hatari. Dawa yake ni kumfanya huyo awe msomaji wa juma lile, kwa kuwa asomaye hana nafasi ya kubisha.

Basi ndugu wasomaji, mwenye kitabu sandukuni na akitoe. Atafute watu wanne au watano, wala asiwachague wenye elimu tu, wala rafiki zake tu. Asome sura moja kwa sauti iliyo wazi, kisha anyamaze. Kunyamaza huko ni kazi ngumu kwetu sisi walimu, lakini ndiko kunakowapa wengine nafasi ya kuitikia.